Kabla hujailaumu bunduki

Siku yetu ya kulenga shabaha JKT, yaani Jeshi la Kujenga Taifa kwetu Tanzania, nilipewa risasi tano, na karatasi yangu ikabaki nzima vilevile. Hata tundu la kusingizia halikuwepo. Ilikuwa 2014, nimemaliza kidato cha sita, nimekwenda kwa mujibu wa sheria kama wenzangu. Afande akaitazama karatasi, akanitazama mimi, akasema, "Kuruta, adui yako atakufa kwa kicheko." Nikasingizia macho. Nikasingizia na SMG yenyewe, ile bunduki niliyopewa, eti imepinda.

Kilichonikuta siku ile nilikuja kukielewa miaka kadhaa baadaye, tena Ujerumani, nilikokuja kusomea uuguzi. Huku vijiji vingi vina klabu ya kulenga shabaha kama kwetu mitaa ilivyo na timu za mpira. Mwenzangu wa zamu alinialika ya kwao. Wanaanzia bunduki ya upepo: mita 10, kirisasi cha milimita 4.5, na kile kitone cha katikati chenye pointi kumi kina upana wa nusu milimita. Nusu!

Mzee aliyenifundisha hakunipa kirisasi hata kimoja siku ya kwanza. Aliikagua bunduki, akanionyesha kuwa ni tupu, akanisimamisha, kisha akalaza sarafu juu ya mtutu karibu na ncha. Akaniambia nifyatue. Sarafu ikaanguka. Nikarudia, ikaanguka. Nadhani iliokotwa mara ishirini jioni ile, na mwokotaji ni mimi.

Hapo ndipo nikamkumbuka afande. Siku ile JKT mwili wangu uliusikia mlio kabla haujatoka: bega likajisukuma mbele, macho yakafumba, kidole kikaikwapua triga. Risasi ilipotoka, mtutu ulikuwa umeshaangalia chini. Kumbe risasi zangu tano zililiwa na vumbi mbele ya shabaha, na SMG ya watu haikuwa na kosa.

Kwa hiyo ukinipata leo nitakwambia uanze bila risasi, mbele ya mkufunzi, mpaka sarafu itulie mara kumi mfululizo. Mimi ilinichukua wiki tatu. Bunduki za mashindano zina namna ya kufyatua bila kutoa hewa. Zile za springi usizifyatue tupu, utaziua. Na iwe tupu iwe na kitu, mtutu unaelekea kwenye shabaha tu, kidole kinakaa nje ya triga mpaka umelenga. Pale klabuni bunduki iliyowekwa chini hupitishwa uzi wa rangi kali ndani ya mtutu ili kila mtu aone hakuna kitu. Tanzania silaha ni ya kibali, kwa hiyo mambo ya kujifunzia uani kwa shemeji yaache.

Triga inavutwa kwa nyama ya ncha ya kidole, moja kwa moja nyuma, polepole, kama unavyokamua ndimu hutaki mbegu idondokee kwenye mchuzi. Mlio ukukute hujajiandaa. Kidole hiki kimewaliza hata mabingwa. Mmarekani Matthew Emmons alikuwa anaongoza fainali ya mita 50 kwenye Olimpiki ya Beijing 2008, imebaki risasi moja. Kidole kikagusa triga kabla hajamaliza kuishusha bunduki kwenye shabaha. Akapata 4.4, akaishia nafasi ya 4.

Macho nayo yana ujanja wake. Jicho haliwezi kuona vizuri vitu vya umbali tofauti kwa wakati mmoja, na mgeni huchagua kuitazama shabaha. Kosa. Tazama kile kidude kilichosimama mwisho wa mtutu, kiwe kikali kabisa, shabaha iache iwe na ukungu. Kwenye SMG, kutoka kilengeo cha nyuma hadi cha mbele ni kama sentimita 38. Kidude cha mbele kikienda pembeni milimita moja tu, kwenye mita 100 umekosea kwa sentimita 26 hivi. Shabaha yenyewe kuwa na ukungu hakukugharimu kiasi hicho.

Kuhusu mwili, lenga, fumba macho, pumua mara mbili, fumbua. Ukikuta mtutu umehamia kushoto, usiuvute kwa mikono maana utaurudisha na wenyewe utaondoka tena. Sogeza miguu. Mkono wa mbele ni rafu tu, bunduki inakaa juu yake, haiminywi. Pumzi itoe, simama pale inapoishia, fyatua. Sekunde nane zikipita hujafyatua, shusha uanze upya. Watu wanaona aibu kushusha, ndiyo maana wanakosa.

Na usihangaike na katikati mapema. Matundu matano yaliyosongamana juu kushoto ni habari njema, kilengeo kitarekebishwa. Tundu moja katikati na manne yaliyotawanyika ni bahati.

Siku nikitoka zamu ya usiku na vikombe vitatu vya kahawa tumboni, naona kabisa mapigo ya moyo yanavyoitikisa ncha ya mtutu. Siku hizo nacheza na sarafu robo saa, napitisha uzi, narudi kulala.