Pikapu ya kati au pikapu kubwa? Soma kwanza kibati cha mlangoni

Swali: Fundi, habari za kazi. Mimi napiga dari za jipsamu. Kila siku tunatoka watu watatu, na kwa safari moja tunabeba jipsamu bodi kama 20 za futi nne kwa nane pamoja na zana. Gari langu limechoka. Nimeona mbili za mtumba ambazo bei zake zinakaribiana. Moja ni pikapu ya kati ya dizeli, kabini mbili. Nyingine ni pikapu kubwa ya Kimarekani ya petroli, V8, yenye viti vya ngozi, paa la kioo na rimu pana. Baadaye nataka kununua kijiko kidogo cha kuchimbia, ambacho pamoja na tela lake kitafika tani 3. Wenzangu wananisukuma nichukue kubwa, wanasema itabeba chochote. Nishauri.

Jibu: Nzuri, ndugu yangu. Wenzako wamekosea kwenye neno "kubeba". Wangesema "kuvuta" ningewaunga mkono. Kubeba mgongoni na kuvuta kwa nyuma ni kazi mbili tofauti, na gari linaloshinda katika moja linaweza kushindwa katika nyingine.

Tuanze na mgongo, maana ndiyo kazi yako ya kila siku. Jipsamu bodi ya ukubwa huo, yenye unene wa milimita 12, ina kilo 25 hivi. Bodi 20 ni kilo 500. Watu watatu tuwape kilo 240, na zana kilo 120. Jumla ni kilo 860, na hapo hujaweka ngao ya chuma mbele, kanopi wala tanki la maji la akiba.

Pikapu za kati zinazouzwa sehemu nyingi za dunia, yaani kina Toyota Hilux, Isuzu D-Max, Ford Ranger na Mitsubishi L200, zimetengenezwa zibebe karibu tani moja. Ndiyo maana nyingi zina zile springi ngumu za bapa nyuma na zinakurusharusha zikiwa tupu. Ugumu huo ndio unaobeba mzigo wako.

Pikapu kubwa hupimwa kwa namna nyingine. Ford F-150, Ram 1500, Chevrolet Silverado na Toyota Tundra huuzwa zaidi Amerika ya Kaskazini, ambako wengi huzitumia pia kama gari la familia. Kwa hiyo uwezo wa kubeba hubadilika sana kati ya toleo na toleo, hata kama jina ni lilelile. F-150 ya mwaka 2021 iliyofungwa vifaa vya mzigo mzito iliweza kupewa hadi kilo 1,508. F-150 Raptor ya mwaka huohuo ilikuwa karibu kilo 635. Ram 1500 TRX ya 2021, yenye injini ya nguvu farasi 702, ilibeba kilo 594 tu. Injini hailiongezei gari uwezo wa kubeba. Springi, ekseli, tairi na chasisi ndizo zinazobeba. Tena kila pambo lililofungwa kiwandani, kuanzia paa la kioo na viti vya umeme hadi rimu kubwa, linakula uzito uliotengewa mzigo.

Uliyoielezea wewe, yenye ngozi na kioo juu, naitilia shaka. Tuseme kibati chake cha mlangoni, kinachotaja uzito wa kubeba, kinasoma kilo 650. Toa watu na zana, kilo 360. Zimebaki 290, ambazo ni bodi 11. Utaendesha gari la V8 na utarudi safari ya pili kuchukua bodi tisa.

Hilo la kibati usilikubali kwa maneno yangu wala ya muuzaji. Fungua mlango wa dereva, angalia nguzo ya katikati. Magari ya soko la Marekani yana kibandiko cha tairi kinachotaja uzito ambao watu na mzigo kwa pamoja hawatakiwi kuuvuka. Hiyo ni namba ya gari lenyewe lilivyotoka kiwandani, na ni ya kuaminika kuliko tangazo lolote. Magari ya masoko mengine huwa na kibati chenye namba nne, ambazo kwa kawaida hupangwa hivi: jumla ya uzito wa gari unaoruhusiwa, jumla ya gari pamoja na tela, uzito wa ekseli ya mbele, uzito wa ekseli ya nyuma. Hapo uwezo wa kubeba unautafuta mwenyewe: namba ya kwanza toa uzito wa gari tupu. Na uzito wa gari tupu usiuchukue kwenye kitabu, kwa sababu gari la mtumba limeshaongezwa vitu na wenye nalo waliotangulia. Lipeleke kwenye mizani likiwa na tanki lililojaa.

Sasa sura ya mzigo. Hapa pikapu kubwa ina faida ya kweli. Bodi yako ina upana wa mita 1.22. Katika pikapu kubwa nilizozitaja, nafasi kati ya matuta ya magurudumu kule nyuma inazidi mita 1.22, kwa hiyo bodi inalala sakafuni. Katika pikapu nyingi za kati nafasi hiyo ni kama mita 1.1. Ford waliipanua Ranger kwa milimita 50 katika toleo la 2022, na sababu mojawapo ilikuwa hiyo, mizigo mipana iweze kulala chini. Kwa nyingine dawa ni rahisi: tengeneza jukwaa la mbao lililo juu kidogo ya matuta, bodi zilale juu yake. Chini ya jukwaa unapata mahali pa kuweka zana. Mafundi wengi wa mbao wanafanya hivyo na hawalalamiki.

Urefu ndio unaosumbua zote mbili. Kabini mbili ya kati ina sanduku la nyuma la mita 1.5 hivi. Pikapu kubwa ya kabini mbili mara nyingi inakuja na sanduku la mita 1.7, lipo la mita 2 na la 2.4, lakini si kwenye magari ya mapambo. Bodi ya mita 2.44 itatokeza nje karibu mita moja kwenye ya kwanza na zaidi ya sentimita 70 kwenye ya pili. Hiyo tofauti haifai kununulia gari. Ninyi ni watu watatu, hivyo ningekuwa wewe ningetafuta pikapu ya kati ya kabini moja na nusu, ambayo sanduku lake ni karibu mita 1.8, ilimradi kijana wa kiti cha nyuma asiwe mrefu sana. Kwa safari fupi atavumilia.

Uzito unaotokeza nyuma ya ekseli ni hatari kuliko watu wanavyodhani, nami naomba tukae hapa kidogo. Chukua ndoano ya kuvutia tela. Iko kama mita 1.3 nyuma ya ekseli. Tela likiikandamiza kwa kilo 300, ekseli ya nyuma haipokei 300. Gari linageuka kuwa mzani wa wenzo: kwa pikapu ambayo ekseli zake mbili zimeachana mita 3.1, ekseli ya nyuma inapokea kilo 426, na kilo 126 zinainuliwa kutoka magurudumu ya mbele, yale yanayokata kona na kufanya kazi kubwa ya breki. Pikapu kubwa ekseli zake zimeachana karibu mita 3.7, hivyo kwa mzigo uleule ya nyuma inapokea kama 405 na ya mbele inapoteza 105. Halafu mbele yake ni nzito zaidi tangu mwanzo, kwa hiyo haisikii sana. Hapo ndipo ukubwa unapolipa.

Kwa hiyo twende kwenye kijiko chako. Pikapu nyingi za kati zinatangazwa kuvuta kilo 3,500. Namba hiyo ni ya kweli, ila ina masharti yanayoandikwa kwa herufi ndogo. Tuseme gari tupu lina kilo 2,080, uzito wake wa juu ni 3,050, na pamoja na tela haliruhusiwi kupita 5,850. Hesabu hizi si za gari moja maalumu, lakini hazitofautiani sana na utakachokikuta. Ukivuta kilo 3,500 kamili, gari lenyewe linabakiwa na 2,350. Toa 2,080, zinabaki 270. Ninyi watatu na zana ni 360. Umeshavunja kiwango kabla hujapakia bodi hata moja.

Kwa tela lako la tani 3 mambo ni afadhali. Gari na tela pamoja havivuki kiwango, na kinachokubana kinakuwa uzito wa gari lenyewe: 3,050 toa 2,080 ni 970, toa kilo 300 za tela kwenye ndoano, zinabaki 670, toa watu na zana, zinabaki 310. Maana yake siku ya kijiko bodi ziwe kama 12, si 20. Inawezekana. Ila uwezekano wa kwenye karatasi na utulivu wa barabarani ni vitu viwili. Tela la tani 3 nyuma ya gari la tani 2 na kitu, kwenye mteremko, upepo wa lori linalokupita ukilipiga, litataka kuliongoza gari badala ya kuongozwa. Tela hilo lazima liwe na breki zake zenyewe, na kijiko kifungwe kiasi kwamba asilimia 10 hivi ya uzito wote inaangukia kwenye ndoano. Ikipungua sana, tela linaanza kuyumba. Mwendo nao uwe wa mtu asiye na haraka.

Pikapu kubwa iliyofungwa vifaa vya kuvutia tangu kiwandani huvuta tani 4 hadi 5 bila kutoka jasho, na baadhi ya matoleo hufika karibu tani 6. Nasema iliyofungwa vifaa, maana si ndoano peke yake: ni kipozeo cha oili ya giaboksi, rejeta kubwa, na mara nyingi gia ya mwisho iliyo fupi zaidi. Muuzaji akikuonyesha ndoano tu, uliza hivyo vingine.

Basi uamuzi unategemea kijiko kitatembea mara ngapi. Kikiwa ni kazi ya kila wiki, sahau hizo mbili ulizoziona. Tafuta pikapu kubwa ya toleo la kazi, viti vya kitambaa, rimu ndogo, sanduku la mita 2, yenye kibati cha kilo 900 kwenda juu. Kikitoka mara moja kwa mwezi, chukua ya kati na siku hiyo kodi lori likibebe. Kwa ulivyoniandikia, dari ndizo zinazokulisha na kijiko hakijanunuliwa bado. Chukua ya kati.

Mafuta sitakaa nayo sana. Ya kati ya dizeli hunywa lita 8 hadi 10 kwa kilomita 100, V8 ya petroli lita 12 hadi 15, na zote hupanda vibaya zikivuta. Angalizo moja la dizeli mpya: zenye kichujio cha masizi kwenye ekzosi hazipendi vijisafari vya dakika kumi kila siku, kichujio kinaziba. Mara kwa mara ipe barabara ndefu.

Kuhusu kuendesha, pikapu kubwa ina urefu wa karibu mita 5.9 na upana unaopita mita 2 bila vioo vya pembeni. Ukihesabu vioo unafika mita 2.4. Ya kati ni mita 5.3 kwa 1.9 hivi. Pima lango la unakolaza gari. Pia boneti ya pikapu kubwa iko juu, na mtoto aliyesimama mbele humwoni. IIHS, taasisi ya Marekani ya usalama wa barabarani, ilitoa utafiti mwaka 2023 ulioonyesha kwamba magari yenye boneti inayozidi sentimita 100 hivi yana uwezekano mkubwa zaidi, kwa karibu asilimia 45, wa kumuua mtembea kwa miguu yanapomgonga, yakilinganishwa na yenye boneti fupi iliyoinama. Wewe unaingia viwanja vya ujenzi vyenye watu kila upande. Kama utachukua kubwa, kamera ya mbele si anasa.

Na usukani? Pikapu kubwa nyingi zina usukani wa kushoto. Ukiwa mahali wanapoendesha upande wa kushoto wa barabara, kila kupita lori utamwuliza abiria wako kama kuna gari linakuja. Spea nazo ziulizie kabla ya kununua.

Siku ya kwenda kukagua hiyo ya kati, ingia chini yake na tochi. Angalia chasisi pale kabini inapoishia na sanduku linapoanza, kwani ndipo kabini mbili zilizozidishiwa mzigo nyuma ya ekseli zinapopinda au kupasuka. Kisha simama pembeni uangalie ule mwanya kati ya kabini na sanduku. Ukiwa mpana juu na mwembamba chini, chasisi imeshainama nyuma. Rangi mpya iliyopakwa kipande hicho tu cha chasisi nayo iulize maswali. Ukikuta kimojawapo kati ya hivyo, mrudishie mwenyewe funguo hata kama bei imeshuka.