Kwenda China masaa 16, kurudi sita na nusu?

SWALI: Habari za kazi mhariri. Nauza viatu na mabegi hapa Chikongola, Mtwara, na mwezi ujao nakwenda Guangzhou mara ya kwanza kufuata mzigo. Tiketi ni ya moja kwa moja kutoka Dar. Kwenda imeandikwa inaondoka 10:00 inafika 02:00 kesho yake, kurudi inaondoka 04:00 inafika 10:30 siku hiyohiyo. Nikihesabu, kwenda masaa 16, kurudi sita na nusu, na njia ni ileile! Shemeji anasema dunia inazunguka kwahiyo ukirudi Dar inakufuata yenyewe. Kweli? Na ni kilomita ngapi hasa?

JIBU: Dada yangu, kabla ya kilomita, hiyo 10:00 umeisomaje? Maana kama unajipanga kufika uwanjani saa kumi jioni ndege itakuwa ilishaondoka zamani, tiketi inahesabu kuanzia usiku wa manane, sio kama sisi, kwahiyo 10:00 ni saa nne asubuhi, 02:00 ni saa nane usiku na 04:00 ni saa kumi alfajiri. Andika kwa kalamu pembeni, wala sio aibu, mimi naandika mpaka leo.

Haya, kinachokuchanganya ni kwamba kila saa kwenye tiketi ni saa ya mji husika. China wako mbele yetu masaa 5. Ukiondoka Dar saa nne asubuhi wao tayari ni saa tisa mchana, mpaka saa nane usiku yao hapo ni masaa 11. Kurudi ongeza hayo 5, sita na nusu inakuwa 11 na nusu. Umeona? Kurudi ndio kurefu zaidi! Huko juu kuna upepo mkali unaovuma kutoka magharibi kwenda mashariki, hasa miezi ya Desemba mpaka Februari, kwenda unakusukuma, kurudi unakuja nao uso kwa uso.

Shemeji msalimie, ila hapo kapotea. Hewa inazunguka pamoja na dunia, ingekuwa anavyosema, helikopta ingepaa juu ya Mtwara ikatulia lisaa limoja tu ikashukia Kolwezi, Kongo.

Kilomita ni kama 8,700 kwa mstari ulionyooka, na ndege kubwa inakimbia kama km 900 kwa saa, weka na muda wa kupanda, kushuka na kukata kona, ndio hayo masaa 11.

Halafu hoteli. Ukiondoka Jumatatu unafika Jumanne saa nane usiku, kwahiyo chumba ulipie kuanzia Jumatatu, ukilipia Jumanne utakaa mapokezi na begi lako mpaka mchana.

SWALI: Kwanini Lindi mpaka Dar basi linasoma zaidi ya km 450 na ramani ya ndege inaonyesha kama 350? Nani anatuibia? (Msomaji, Lindi mjini)

JIBU: Hakuna anayekuibia kaka, ndege inakata moja kwa moja, basi linapinda kukwepa delta ya Rufiji likavukie kule juu Daraja la Mkapa.