Wadogo zangu wa baiolojia, msiishie kizazi cha kwanza

Nimemaliza kusahihisha majibu yenu ya seminari. Swali la jaribio la Meselson na Stahl, la jinsi DNA inavyojinakili, limewaangusha palepale linapowaangusha watu kila mwaka. Hao walikuza bakteria kwenye nitrojeni nzito (nitrojeni 15), wakawahamishia kwenye nyepesi, kisha DNA ya kila kizazi wakaizungusha kwenye sentrifuji, mashine ya kuzungusha kwa kasi, ijipange kwa mikanda: mzito, wa kati au mwepesi. Nimecheka, kisha nikanuna.

1. Anzeni na modeli tatu: hifadhi kamili (DNA ya zamani inabaki nzima, nakala ni mpya tupu), nusu-hifadhi (kila DNA ina uzi mmoja wa zamani na mmoja mpya), mtawanyiko (vipande vya zamani na vipya vimechanganyika kila uzi). Andikeni kila moja inatabiri mikanda gani kabla hamjagusa matokeo.

2. Lile kosa nalijua kwa sababu lilikuwa langu. Nilisimama mbele ya darasa na chaki, nikachora mkanda mmoja wa kati wa kizazi cha kwanza, nikaandika kwa mbwembwe: nusu-hifadhi imethibitika. Mwalimu, mzee mpole ajabu, akauliza, "Na mtawanyiko, mwanangu, ungetoa mkanda gani hapo?" Jasho. Nikaanza kufuta mchoro, wakati mchoro haukuwa na kosa. Akaniacha nisimame hadi nilipojibu mwenyewe: huohuo mmoja, wa kati. Kizazi cha kwanza kinaua hifadhi kamili tu, kwa kuwa hiyo ingetoa mikanda miwili, mzito na mwepesi. Mtawanyiko unafia kizazi cha pili. Ungebaki na mkanda mmoja uliosogea upande wa wepesi, lakini E. koli, bakteria wao, walitoa miwili, wa kati na mwepesi, nusu kwa nusu. Tena katika makala yao ya 1958 waliipasha moto ile DNA ya kati, ikagawanyika kuwa nyuzi nzito na nyuzi nyepesi. Desa langu lilikuwa limeishia ukurasa mmoja kabla ya hapo. Lenu pia, naona.

3. Nitrojeni 15 haina mionzi! Mionzi ni ya jaribio jingine, la Taylor na wenzake, 1957, kwenye mizizi ya Vicia faba (mmea wa jamii ya kunde), kwa thaimidini, kijenzi cha DNA, yenye tritiamu, yaani hidrojeni ya mionzi.

4. DNA nzito haizami hadi chini ya mrija. Kloridi ya sesiamu, chumvi iliyoyeyushwa mrijani, ikizungushwa kwenye sentrifuji hujipanga, nyepesi juu, nzito chini, na DNA husimama pale densiti (uzito kwa ujazo) yake na ya chumvi zinapolingana, karibu gramu 1.7 kwa mililita. Kuna aliyeandika "ilizama kama jiwe". Dada, nakupenda, lakini sifuri.

5. Choreni na mkanda wa kizazi sifuri, wa kabla ya kuhamishiwa kwenye nitrojeni nyepesi. Bila huo, mkanda wa kati uko kati ya nini na nini?

Ijumaa naleta kizazi cha tatu. Atakayeniambia robo ya kati na robo tatu nyepesi aje na mchoro, la sivyo nitajua amedesa.