Kabla Hujamwita Sisimizi, Hesabu Miguu

Juzi msomaji mmoja anayefanya kazi Johor, Malaysia, alinitumia picha mbili za kidudu chekundu juu ya jani la mwembe. "Kaka, huyu ni sisimizi gani?" Nilimjibu papo hapo: si sisimizi, ni buibui mrukaji, Myrmaplata plataleoides.

Nilifurahi kupita kiasi, na nina sababu. Nilipokuwa mwanafunzi Penang, hukohuko Malaysia, buibui huyohuyo aliniaibisha. Nilimkuta kwenye mpera nyuma ya bweni. Mimi nimekulia Tanga chini ya mikorosho iliyojaa majimoto, wale sisimizi wakali wanaoshona majani, nikaona hapa sina cha kuuliza. Nikaandika "majimoto wa Asia", nikapeleka picha darasani. Mwalimu akaikuza ukutani, akaniambia nihesabu miguu. Minane, na sisimizi ana sita. Darasa zima likacheka, na kicheko kile kinaniuma mpaka leo.

Tangu siku hiyo kila asubuhi nilikuwa kwenye ule mpera. Ndipo nikamwona vizuri. Miguu miwili ya mbele mara nyingi haikanyagi. Huiinua na kuichezesha hewani kama pembe za sisimizi, kwa hiyo unamwona kama anatembea kwa sita. Kichwa kimeachana na kifua kwa mbonyeo mwembamba, na ubavuni kuna madoa mawili meusi yanayojifanya macho. Macho yenyewe yako usoni, mawili makubwa katikati, na ukisogeza kidole anageuka kukutazama. Nilipogusa jani akajirusha, akabaki ananing'inia kwenye uzi. Dume ana taya zilizorefuka mbele, utadhani sisimizi aliyebeba mzigo.

Kwa hiyo ndugu yangu, usikimbilie rangi. Anayeigwa ni Oecophylla smaragdina, majimoto halisi wa Asia, ambaye Wamalay humwita kerengga, naye ana wekundu uleule. Hesabu miguu. Tafuta macho. Piga picha ya uso, narudia, ya uso, siyo mgongo peke yake.

Huyu hutambulika hata kwa picha nzuri. Lakini ndugu zake wengi wadogo weusi wa jenasi (kundi la spishi za karibu) ya Myrmarachne hutenganishwa kwa hadubini, kwa kutazama viungo vya uzazi. Hao ishia kwenye jina la jenasi, usitaje spishi. Jina la kiumbe ni amana. Ukilipachika kwa kubahatisha, wenzako watalinakili hivyohivyo.

Msomaji wangu wa Johor, kesho rudi kwenye mwembe. Angalia majani yaliyojikunja, kama kuna kiota cha hariri. Dume mwenye taya ndefu bado nakudai.