Mama anahudhuria kliniki miezi yote, uchungu ukianza anaenda kwa mkunga wa jadi. Si ujinga

Mtoa mada, umeuliza kwa nini mwanamke amwache mtaalamu akajifungulie kwa mkunga wa jadi, na waliotangulia kujibu wamesema ni ujinga. Mimi ni muuguzi mkunga, nimekaa leba miaka mingi, na jibu hilo halilingani na kina mama ninaowaona. Wengi wao kliniki wanahudhuria vizuri tu. Wana kadi, wamepimwa damu na presha, vidonge vya kuongeza damu wanameza. Siku ya uchungu hawaonekani, kisha baadaye wanaleta mtoto achanjwe. Mtu wa hivyo haikimbii hospitali, anaikimbia leba.

Nikiwauliza, cha kwanza wanachotaja ni midomo yetu. Kufokewa. Kuambiwa "wakati unaitafuta mbona hukulia?" mbele ya wenzake. Kupigwa makofi ya mapaja eti asukume. Sisimulii ya kusikia, nimeshapangwa zamu na watu wa namna hiyo. Ongeza kulazwa chali wakati mwili unataka kuchuchumaa, na mlango unaofunguliwa na kila apitaye. Aliyeyapitia hayo kwa mtoto wa kwanza, kwa wa pili hahitaji kushawishiwa na mtu.

Kwa mkunga wa jadi anakandwa mgongo, anaitwa mwanangu, na mama yake mzazi amekaa pembeni. Hakuna hata moja hapo linalohitaji mashine. Shirika la Afya Duniani, kwenye mwongozo wake wa mwaka 2018, linataka mama awe na msindikizaji anayemtaka mwenyewe na ajifungue kwa mkao anaouchagua. Vituo vingapi vinafanya hivyo? Ndugu bado wanaachwa nje.

Halafu kuna usiku. Watafiti Thaddeus na Maine waliandika mwaka 1994 kuhusu ucheleweshaji wa aina tatu: kuamua kutafuta huduma, kufika kituoni, na kuhudumiwa ukishafika. Humu mnajadili ule wa kwanza tu, tena kama vile mama anaamua peke yake. Saa nane usiku mwenye pesa kasafiri, gari hakuna, na mkunga yuko nyumba ya tatu. Hata panapotangazwa kujifungua ni bure, mama anaweza kutumwa glovu, pamba na wembe. Mkunga akiambiwa "nitakulipa baadaye" anaelewa.

Sasa msinielewe vibaya, siwapigii debe. Kuvuja damu kunaongoza kwa kuua wanawake wanaojifungua duniani, na wengi wanaovuja hawakuwa na dalili yoyote kliniki. Sisi mtoto akitoka tu tunachoma oksitosini uniti 10, mfuko wa uzazi unajibana. Mkunga wa jadi hana sindano hiyo, wala damu ya kuongeza. Na baadhi yao hutoa dawa za miti shamba za kuharakisha uchungu. Nazo zikibana sana, hasa kwa aliyewahi kupasuliwa, mfuko unaweza kuchanika.

Kinachoniudhi zaidi ni namna kina mama wanavyoletwa kwetu mambo yakiharibika. Mkunga anamshusha mama getini na kutoweka, maana akionekana atatukanwa. Anaondoka na taarifa zote: uchungu ulianza lini, chupa ilipasuka saa ngapi, amepewa nini. Malawi iliwapiga marufuku wakunga wa jadi mwaka 2007, na mwaka 2010 Rais Bingu wa Mutharika akaondoa marufuku hiyo. Ukimfanya mkunga mhalifu, atazidi kuchelewa kumleta mama.

Kituo nilichopo sasa, mkunga akimleta mama anaingia naye leba na kubaki kumkanda. Kuzalisha ni kazi yetu. Kuna wenzangu walinuna mwanzoni. Lakini tukimuuliza amempa dawa gani, anataja.

Kwa hiyo kama ndugu yako anapanga kwenda kwa mkunga, muulize anakwepa nini. Kama ni kuwa peke yake, ulizieni mapema kituo kinachoruhusu msindikizaji. Kama ni usiku, pesa ya usafiri na namba ya dereva viwe mkononi mwake mwenyewe, si kwa mume. Ila kama alishapasuliwa, ana mapacha, presha inapanda au uzazi uliopita alivuja damu sana, msisubiri hata uchungu uanze. Asogee karibu na hospitali yenye upasuaji wiki chache kabla.