Bitcoin za marehemu

Pole, dada, kwa msiba. Umeuliza kama bitcoin, zile pesa za kidijitali, alizoacha mjomba zimepotea. Hazijapotea, zipo palepale, ila kuzihamisha kunategemea alizitunza wapi. Kama aliziacha kwenye soko la mtandaoni la kununua na kuuza bitcoin, msimamizi wa mirathi awaandikie wenye soko, aambatishe cheti cha kifo cha RITA, wakala wa serikali wa usajili, na barua ya usimamizi kutoka mahakamani. Kama zilikuwa kwenye pochi yake mwenyewe, yaani programu au kifaa cha kuzitunzia, na pochi hiyo haifunguki, hapo hakuna hakimu wala fundi wa kuzitoa bila maneno yake ya siri, kwa kawaida 12 au 24. Sisi hapa Ngamiani, Tanga, maneno ya marehemu shemeji tuliyakuta nyuma ya daftari la madeni ya duka, kwa penseli, nusura lichomwe na takataka. Simu ya mjomba msiifute, huenda pochi imo humo. Shangazi msimuulize mpaka matanga yaanuliwe. Na anayedai "kuzifufua" kwa kutanguliziwa hela, tapeli huyo.