Uinjinia wa mifumo bado una kazi?

SWALI: Kaka habari za kazi. Namaliza chuo mwaka huu, nataka niwe injinia wa mifumo, mambo ya seva na mitandao. Sasa kila nikishika simu nasikia watu wamepunguzwa, mara AI inachukua kazi. Niendelee au nigeuze mapema? Na mbona matangazo yenye jina hilohilo yanataka vitu tofauti kabisa?

JIBU: Mdogo wangu nianze na hilo la mwisho. Jina moja, kazi mbili. Kuna wale wa setilaiti, ndege na mashine za hospitali, kazi yao kuhakikisha vipande vilivyotengenezwa na watu tofauti vinaelewana, hadi chama cha kimataifa wanacho, INCOSE, kilichoanzishwa 1990. Halafu kuna wa seva, zile kompyuta zinazohudumia kompyuta nyingine, ndo wewe. Soma majukumu, cheo achana nacho.

Soko sasa. Sikudanganyi, mlango wa kuingilia umebana. Zamani kijana alianza na kuinstoli Windows, kufungua akaunti za wafanyakazi, kubadilisha diski, mdogomdogo anapanda. Tangu Amazon waanze kukodisha seva kwenye intaneti 2006 hiyo ngazi ya chini inaliwa tu, leo mtu anaandika faili moja la Terraform (programu ya kuunda seva kwa maandishi) na seva ishirini zinasimama hata hajainuka kwenye kiti, na AI nayo skripti, yaani maagizo mafupi ya kompyuta, inaandika vizuri tu. Kama unachojua ni kubofya nekst nekst, utasota.

Ila kumbuka Julai 19, 2024. CrowdStrike, kampuni ya ulinzi wa kompyuta, walitoa apdeti yenye faili bovu, kompyuta za Windows kama milioni 8.5 zikaganda kwenye skrini ya bluu, ndege zikakwama viwanjani. Apdeti ikarekebishwa chapu lakini mashine nyingi hata kuwaka zilikuwa haziwaki ili ziipokee, ikabidi mtu aifuate moja moja, aiwashe kwa modi ya dharura, afute lile faili, ahamie inayofuata, na kama diski ina BitLocker (kufuli la Windows la kuficha data) na hajui funguo zimehifadhiwa wapi basi kazi anayo. Huyo mtu bado anatafutwa sana.

Kwa hiyo usigeuze. Shika Linux (mfumo unaoendesha seva nyingi), DNS inayogeuza majina ya tovuti kuwa anwani za namba (hii usiidharau kabisa), na lugha ya programu ya Python kidogo. Tafuta laptopu ya zamani uivuruge makusudi kisha uirudishe kwa bekapu yako mwenyewe, maana kwenye usaili watakuuliza tu "seva imekuwa nzito, unaanzia wapi?" halafu wananyamaza wakusikilize.